Usipake Rangi Juu ya Unyevu



Leo naomba ruhusa niingie bafuni kwako. Najua huko hatupeleki wageni. Sebule tunaipanga, vitambaa vya viti tunavifua, picha ya arusi tunaipangusa vumbi, lakini mlango wa bafu tunaurudisha taratibu na kuomba mgeni asiulize. Basi leo twende huko huko. Inua macho uitazame ile kona iliyo juu ya shawa, kisha ushuke mpaka chini ya sinki, halafu nyuma ya mlango. Kama rangi imevimba malengelenge, au imejikunja na kubanduka kama gome la mkaratusi, au kuna madoa meusi yanayorudi kila ukiyafuta, kaa nami dakika chache.

Wengi wenu mnanijua kwa mimbari. Wachache wanajua kwamba karo yangu ya chuo cha Biblia ilitoka kwenye rola na brashi. Jumamosi na likizo nilifanya kazi chini ya mzee mmoja fundi wa rangi hapa Nakuru, mtu wa maneno machache, na alinifundisha kwamba katika nyumba nzima bafu ndilo linalomfichua fundi. Sebuleni hata anayejifunza anaweza kupaka na kazi ikakaa miaka. Bafuni ukuta unapigwa na mvuke asubuhi na jioni, kwa hiyo ulichoficha kitaonekana kabla hujamaliza kulipwa.

Ndiyo maana baada ya ibada huwa nashikwa mkono mlangoni na kuulizwa, "Pasta, nipake rangi gani bafuni ambayo haitabanduka?" Nami hujibu kwa swali: maji yanatoka wapi? Wengi hawalipendi jibu hilo. Walikuja kutafuta jina la kopo.

Rangi hubanduka kwa sababu mbili kubwa. Ama haikushika tangu mwanzo, ama kuna kitu kinaisukuma kutoka nyuma. Haikushika kwa sababu aliyetangulia alipaka juu ya rangi inayong'aa bila kuipiga msasa, au juu ya utando wa sabuni na mafuta ya mwili, au juu ya chokaa ya zamani. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe kama umeshika chaki, jua kwamba chochote utakachopaka hapo kitashikamana na hiyo chaki, na chaki yenyewe haijashikamana na kitu. Kinachosukuma kutoka nyuma ni maji. Maji yakiingia ndani ya ukuta hutafuta njia ya kutoka, yanakuta utando wa rangi umeziba, yanausukuma mpaka unavimba. Na hayaji peke yake. Yanayeyusha chumvi zilizo ndani ya saruji na mawe, yanazileta mpaka juu, kisha yakikauka yanaziacha pale. Ule unga mweupe unaouona ukutani, ambao wengine hudhani ni ukungu, ni chumvi.

Sasa fungua Mambo ya Walawi sura ya 14, kuanzia mstari wa 33. Ni sehemu ambayo wengi wetu tunaipita mbio tukijaribu kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja. Hapo Mungu anawapa Musa na Haruni sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo ukutani. Angalia jambo la ajabu: watu wenyewe bado wako jangwani. Wanalala kwenye hema, hawana hata jiwe moja la nyumba, na tayari Mungu anazungumza nao kuhusu plasta ya nyumba watakazokaa Kanaani.

Mwenye nyumba ndiye anayekwenda kwa kuhani, kwa miguu yake. Hatangazi kwamba nyumba yake ina pigo. Anasema tu kwamba anaona kitu kinachofanana na pigo. Kuhani, kabla hajaingia, anaagiza nyumba itolewe vyombo vyote, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Mimi mstari huo hunigusa sana. Mungu alijali sufuria na mikeka ya mtu ambaye ukuta wake umeharibika! Kisha kuhani anaingia na kutazama. Anatafuta rangi ya kijani au nyekundu, na anatazama kama doa limezama ndani kupita uso wa ukuta. Halafu anatoka, anaifunga nyumba siku 7. Anarudi siku ya saba kutazama tena. Kama doa limeenea, mawe yenye doa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, ukuta wa ndani unakwanguliwa pande zote, na vumbi lake nalo linatupwa nje. Ndipo yanaletwa mawe mengine na plasta nyingine. Kama hata baada ya hayo pigo linarudi, nyumba inabomolewa. Kama halijarudi, kuhani anaitakasa nyumba.

Hesabu hatua hizo. Kutazama kumetajwa mara nyingi. Kungoja kupo. Kukwangua kupo. Kupaka kunakuja karibu na mwisho, baada ya mawe mabovu kwisha kutoka mjini. Sisi siku hizi tunaanzia huko mwisho.

Kabla hujanunua kopo lolote, basi, fanya kazi ya kuhani. Chukua kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, kama futi moja kila upande, ukibandike ukutani kwa selotepu kingo zote nne pasiwe na hewa inayopita. Kiache siku moja au mbili. Ukikuta majimaji upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta majimaji upande unaokutazama wewe, na nyuma ni kukavu, maji yanatoka hewani, yaani ni mvuke wenu wa kuoga. Matibabu ya hali hizi mbili hayafanani hata kidogo, na fundi asiyetofautisha atakula pesa zako bure.

Nianze na mvuke, kwa sababu ni wa kawaida sana huku kwetu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai ukuta wa bafu una baridi kama wa kaburi. Wewe unafungua shawa ya maji moto, mvuke unapanda, unagonga ukuta wa baridi na kugeuka maji, kama unavyoona chini ya kifuniko cha sufuria. Dirisha limezibwa na gazeti kwa sababu ya baridi na macho ya majirani. Watu watano wanaoga kabla ya saa moja. Ukuta unashinda na unyevu, ukungu mweusi unaota. Ukuta huo hauna ugonjwa ndani yake. Umenyimwa hewa. Fungua dirisha nusu saa baada ya kuoga, acha mlango wazi, na kama bafu halina dirisha kabisa weka feni ndogo ya kutoa hewa nje. Nyumba nyingine hupona kwa hayo tu pamoja na kuosha ukungu.

Hapa niseme kama mchungaji, na msije mkaninukuu vibaya, kwa maana naamini katika maombi ya ukombozi na nimeyaona matunda yake. Si kila ukungu ni pepo. Kuna dada amejifungua juzi, hajalala usingizi wa saa mbili mfululizo, analia bila sababu, hataki kusoma Neno. Wanakuja watu watatu nyumbani kwake, wanamzunguka, wanakemea kwa sauti, mtoto anaamka, wanakunywa chai, wanaondoka. Sufuria za chai anaosha nani? Yeye. Huyo alihitaji mtu wa kumshika mtoto ili alale, na mtu wa kumpeleka kliniki amwone daktari, na maombi ya upole juu ya hayo. Alihitaji dirisha lifunguliwe. Ukimkwangua mtu ambaye shida yake ni kukosa hewa, unamjeruhi ukuta mzima. Ndiyo maana kuhani aliambiwa atazame kwanza, afunge, arudi kutazama tena.

Sasa yale ya ndani. Mama mmoja wa kanisa letu amenipa ruhusa nisimulie haya, mradi nisimtaje jina. Binti yake alikuwa na ruracio Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo alinipigia simu. "Pasta, nitafutie vijana wawili wanipakie bafu kabla ya Jumamosi. Wageni wanatoka mbali, na choo na bafu ni mlango mmoja."

Nilikwenda mwenyewe. Ukuta kati ya bafu na chumba cha kulala ulikuwa umevimba kutoka sakafuni mpaka kwenye goti, na upande wa pili, nyuma ya kabati, hali ilikuwa hiyo hiyo. Niliokota kipande cha rangi kilichoanguka nikatazama ukingo wake. Ukiangalia vizuri, kipande cha rangi hukuonyesha miaka yake, kama kisiki. Kulikuwa na koti nne. Nikamuuliza mama, akanihesabia bila kufikiri: ya kwanza wakati kijana wa pili alipotoka jandoni, ya pili mahafali ya binti, "na hiyo ya samawati ni ya mazishi ya baba yao." Ya nne ilikuwa ya Krismasi. Kila mara wageni walipokuja, ukuta ulivalishwa nguo mpya.

Tulifunga mifereji yote ya nyumba, pamoja na bomba linalojaza tangi, tukaenda kutazama mita. Gurudumu lilikuwa linatambaa polepole. Maji yalikuwa yanapita na hakuna aliyefungua. Nikamwambia mama ukweli: hapa pana bomba linalovuja ndani ya ukuta. Lazima ufunguliwe, fundi wa mabomba afanye kazi yake, ukuta ukauke, upigwe plasta, ungoje. Jumamosi wageni watakuta mawe matupu.

Alinyamaza. Halafu akasema, "Pasta, unataka wakwe zangu waone ukuta kama wa zizi?"

Nilimwelewa. Aibu ya mama mjane mbele ya wakwe si jambo dogo, na asiyewahi kupokea wageni wa mahari asimcheke. Lakini hakuwa amemaliza. Alikuwa na ombi la pili. Mwanawe mkubwa hakuwa amekanyaga boma hilo tangu baba yao azikwe. Kila mtu kanisani alijua ni mambo ya shamba. Mama akaniambia, "Umpigie wewe, wewe anakuheshimu. Mwambie aje siku hiyo tu. Akae mbele kama mkubwa wa nyumba, apigwe picha na wenzake. Mengine tutaongea baadaye."

"Baadaye lini, Mama?"

"Pasta, baadaye."

Tulikuwa bado tumesimama mlangoni mwa bafu. Nikamwambia, "Mama, nitampigia. Lakini nitamwambia aje kabla ya Jumamosi, na aje kwa ajili ya hayo mengine." Hakufurahi. Chai alinipa, kwa sababu ni mama wa Kikristo, lakini ilikuwa chai ya kimya.

Jumanne fundi alishika nyundo na tindo. Sasa sikiliza, maana hili watu wengi hawalijui: kiungo kilichovuja hakikuwa pale penye doa. Kilikuwa karibu mita nzima pembeni na juu, nyuma ya sehemu ambayo rangi ilikuwa nzuri kabisa. Maji yalishuka kando ya bomba, yakasafiri ndani ya ukuta, yakatokea mahali pengine. Tungepiga plasta pale penye doa peke yake, tungeziba mahali maji yalipotokea, na pale yalipoingia tungepaacha.

Alhamisi jioni mwana akaja. Sitawasimulia yote. Alikaa kwenye kigoda nje ya jikoni, akakataa kuingia, na sauti zikapanda mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna usalama. Niliogopa. Niliwaza kwamba ruracio ya yule binti itavunjika na nitakuwa mimi mchungaji niliyeivunja. Karibu saa tatu usiku kijana akasema neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akilitarajia. Kwamba siku ya mazishi, wasifu wa baba yao uliposomwa mbele ya watu wote, wajukuu walitajwa mmoja mmoja, na wanawe yeye hawakutajwa. Mke wake hakutajwa. Alirudi nyumbani na watoto wakamuuliza kwani babu hakuwajua. Shamba lilikuja baadaye. Shamba lilikuwa doa.

Mama hakujua. Wasifu uliandikwa usiku, na kamati, kwa haraka, wakati yeye alikuwa amelazwa chini na wanawake wenzake. Alilia kilio ambacho sikukisikia hata makaburini.

Jumamosi wageni walikuja. Mwana alikuwepo, na mkewe, na watoto wawili. Bafu lilikuwa na mawe wazi. Shangazi mmoja wa upande wa bwana arusi aliuliza kuna nini huko, mama akajibu, "Tunatengeneza," wakaendelea na mazungumzo ya mbuzi. Shamba mpaka leo halijagawanywa. Wamekubaliana kuita wazee na mpimaji, na kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Sitawaambia kwamba wameshapatana kila kitu, kwa sababu hawajapatana. Lakini wanaongea.

Nirudi kwenye Maandiko kidogo, Ezekieli sura ya 13. Watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wanakuja kuupaka chokaa. Wanawaambia watu kuna amani mahali ambapo amani haipo. Mungu anasema mvua itakuja, na mvua ya mawe, na upepo wa dhoruba, ukuta utaanguka mpaka msingi wake uonekane, na watu watauliza, iko wapi ile chokaa mliyoipaka? Ukisoma kwa makini utaona hasira ya Mungu inawaelekea hasa wapakaji. Aliyejenga ukuta mbovu pengine hakuwa na ujuzi. Aliyeupaka aliuona ubovu, akachukua brashi.

Wapakaji ni sisi tulio na mimbari. Na ninyi viongozi wa vikundi vya nyumbani, na kina mama mnaoitwa kupatanisha ndoa. Mume amempiga mkewe Ijumaa, Jumapili tunataka washikane mikono mbele ya kanisa na waimbe. Mweka hazina wa chama amekula pesa za wajane, tunasema tumwombee, jambo liishe, asiaibishwe mtumishi. Mtoto amedhulumiwa na mtu wa familia, watu wanakuja kwa mchungaji kuomba likae ndani. Hilo la mwisho sitalipaka, mjue mapema. Nitakwenda nanyi kwa polisi na kwa daktari, na maombi tutaomba njiani. Msamaha upo, damu ya Yesu ina nguvu, hilo nahubiri na nitalihubiri mpaka kufa. Lakini msamaha unaodaiwa kwa haraka ili wageni wasione, aliyeumizwa anabaki na maji ndani ya ukuta.

Haya, tushike skrepa. Kwanza zima stima kwenye swichi kuu, hasa kama una shawa ya umeme, kwa maana utakuwa unakwangua karibu na nyaya. Toa kila kilichomo bafuni, kama kuhani alivyoagiza. Kwangua rangi yote isiyoshika, na usiishie pale inapotoka kwa urahisi. Ukifika sehemu unayodhani ni nzima, ikate alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu, bonyeza, kisha ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, endelea kukwangua. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na jiwe, ing'oe. Nyumba ikiwa ya zamani, usipige msasa mkavu. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Tumia msasa wa maji, watoto wakae nje, na mabaki uyakusanye, usiyafagilie uani wanakochezea.

Ukungu uoshe kwa Jik kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, dirisha likiwa wazi na glovu mkononi. Acha robo saa, suuza, acha pakauke. Na tafadhali sana, usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Hewa inayotoka hapo ni sumu, na bafu ni chumba kidogo. Ile chumvi nyeupe iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Kisha ungoje. Hapa ndipo fundi na mwenye nyumba hugombana. Plasta mpya ya saruji inataka kama wiki 4 kabla ya rangi, na wakati wa mvua zaidi. Kwa macho itaonekana kavu baada ya siku tatu. Weka tena kile kipande cha nailoni, kitakuambia. Mashimo madogo uyazibe na fila ya saruji, kwa kuwa ile ya jasi hulainika ikipata maji. Kingo za rangi ya zamani zipige msasa mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi. Rangi ya zamani inayong'aa iondoe mng'ao, la sivyo mpya itateleza. Pangusa vumbi. Praima inayostahimili saruji hutangulia, halafu rangi ya kuoshwa iliyotengenezwa kwa vyumba vyenye unyevu, koti mbili nyembamba. Koti moja nene hukauka juu na kubaki bichi chini. Kati ya koti na koti fuata kilichoandikwa kwenye kopo: za maji huwa ni saa kadhaa, za mafuta ni usiku mzima. Ukimaliza, watu waoge kwa jirani siku mbili tatu. Mkishindwa, ogeeni kwenye beseni chumbani.

Sasa tangazo. Plasta ya mama itapita siku 28 wiki hii, na nailoni niliyobandika Jumapili ilitoka kavu pande zote mbili. Jumamosi saa mbili asubuhi tunakwenda kupaka. Vijana watano wanatosha, njooni na nguo za zamani, msije na zile za ibada. Mwanawe mkubwa amesema atakuwepo na atashika upande wa chumba cha kulala, kwa hiyo upande huo mwachieni. Rangi imeshanunuliwa. Kinachokosekana ni ngazi fupi, ya hatua nne au tano. Mwenye nayo aniandikie leo kabla ya usiku.

Mbarikiwe.